Mdogo wangu, kabla hamjapanda ndege kuja Ujerumani

Bwana Yesu asifiwe mdogo wangu. Meseji yako nimeisoma mpaka mwisho, unasema dayosisi imeshawapitisha wewe na shemeji mje kutumika Ujerumani miaka mitatu, tiketi bado, na unataka kujua maisha ya huku yakoje kweli, mjiandae na nini, na kama ni kweli wazungu wamemwacha Mungu na nyie ndio mnakuja kuwarudisha. Mimi huu ni mwaka wa sita, nitakwambia kama nilivyoyaona.

Naanza na hilo la mwisho. Kutoka kanisani wanatoka kweli, mwaka 2022 peke yake waliojitoa kwa Wakatoliki walizidi laki tano na kwa Waprotestanti ilikaribia laki nne. Lakini elewa kujitoa huku maana yake nini, sio kuacha tu kuja ibadani, mtu anaenda mwenyewe ofisini anasaini, kwa sababu kuna kodi ya kanisa inakatwa kwenye mshahara, ni asilimia 8 au 9 ya ile kodi ya mapato kutegemea jimbo analokaa. Wengine wanatoka kwa ajili ya hiyo hela, wengine wametoka kwa uchungu wa kesi za watoto walioharibiwa na watumishi wa kanisa, na hao wa uchungu nakuomba usiwahukumu kabisa, kaa uwasikilize. Na aliyebaki naye ujue ameamua kubaki na kila mwezi anakatwa, imani yake haina kelele lakini ipo. Kwa hiyo ile habari ya tumekuja kuwaamsha iache hukohuko uwanja wa ndege.

Wewe si unajua historia ya Usambara, wale wamisionari wa Kijerumani kina Johanssen na Wohlrab walipofika Mlalo mwaka 1891, wangehubiri na nani bila Kisambaa? Sasa zamu hii wewe ndio wao. Cheti cha Kijerumani utakipata, na shemeji pia aanze kusoma sasa hivi maana mwenzi anayeambatana kwa kawaida anadaiwa cheti cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, kwenye viza, ila cheti ni kitu kimoja na kumwelewa bibi wa kijijini anayeongea harakaharaka ni kitu kingine. Hapo ndipo panapouma kuliko baridi. Nyumbani ukisimama usharika mzima unatulia, huku miezi ya mwanzo unakaa kwenye kikao cha wazee wa kanisa kwa saa mbili nzima, wanajadili paa linalovuja, una wazo zuri kabisa kichwani na mpaka umelipanga kwa Kijerumani wao wameshahama ajenda. Nililia usiku mwingi kwa sababu hiyo, sio kwa sababu ya njaa wala ubaguzi, ni ile kuona mimi niliyekuwa nashauri watu sasa siwezi hata kusoma barua.

Na barua ni nyingi jamani! Ukifika una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya mji pale unapokaa, bima ya afya ni lazima, kibali cha kuishi kina apointimenti yake. Halafu inakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kila nyumba, hata kama TV huna. Mimi nilidhani ni matapeli nikaitupa, ikaja ya pili nikaitupa, ya tatu ikaja na faini juu. Kila bahasha fungua siku hiyohiyo, usipoelewa mpelekee mtu wa ofisi ya usharika, hawachoki ukiuliza.

Ubaguzi upo, nisikudanganye. Kuna mzee aliwaambia manesi hataki niingie chumbani kwake, na kuna siku treni imejaa watu wamesimama na siti ya pembeni yangu iko tupu. Ila kuna kitu kingine kinachosumbua zaidi kwa sababu kinakuja na tabasamu. Makanisa ya huku yana urafiki wa miaka mingi na majimbo ya kanisa letu nyumbani, wamechangia zahanati, mabweni, visima, Mungu awabariki, lakini sasa wakikuona tu swali la kwanza ni nyumbani mnahitaji nini. Na nyumbani nako watakupigia, mchungaji tuombee mabati, tuombee gari. Ukishabeba proposo moja tu ya mradi basi umekwisha, kila nyumba utakayoingia watakuona umekuja kuomba, hata ukifungua Biblia. Mimi nilikataa tangu mwanzo, kuna ndugu walininunia miaka miwili, nilivumilia. Posho yenyewe inatosha kula, nauli na kasalio kadogo, waambie mapema ili wasihesabu kisichokuwepo.

Kutembelea watu ndio utaanza kujifunza upya. Hapa hakuna kupita tu kusalimia. Wiki ya kwanza niligonga kwa jirani nimshike mkono tu, akafungua mlango kidogo akauliza kuna tatizo gani, nilirudi nimenyong'onyea. Miezi minne baadaye huyohuyo aliniandikia kikaratasi, Jumanne ya tatu saa tisa alasiri, kahawa. Nikaenda saa tisa kamili, meza imetandikwa, mshumaa umewashwa, na alinieleza habari za mume wake aliyefariki mpaka giza likaingia. Akishakuandika kwenye kalenda yake ujue amekupa nafasi ya kweli.

Sasa kazi yenyewe. Mahubiri ni dakika kumi na tano na hakuna atakayesema amina, usidhani umeshindwa. Mimi kazi yangu kubwa nimeiona kwenye nyumba ya wazee. Kuna mama mmoja alishapoteza kumbukumbu, tangu nifike walikuwa wananiambia haongei. Nilikaa naye Alhamisi nyingi nimemshika mkono tu. Siku moja nikaanza kuimba wimbo wa kwenye kitabu chetu, kwa Kiswahili kwa sababu maneno ya Kijerumani sikuyajua, lakini tuni si ndiyo ileile waliyotuletea wao. Vidole vyake vikaanza kugonga kwenye kile kikombe cha plastiki chenye mfuniko, halafu akaingia ubeti wa pili kwa Kijerumani, akamaliza beti zote mimi nimeshanyamaza. Nesi alisimama mlangoni na trei ya dawa mpaka mwisho. Alhamisi iliyofuata hakunikumbuka, tukaanza upya.

Shemeji mwambie asikae ndani, Desemba jua linazama saa kumi na kitu jioni na upweke unaingia nalo, atafute kwaya hata kabla ya kujua lugha. Jumapili maduka yamefungwa kwa hiyo nunueni Jumamosi. Masweta wekeni kwenye begi la mkononi, sio lile la chini, na mkishapata tarehe nitumie namba ya ndege, nitakuja kuwapokea.