Maswali na majibu: kutoka potfolio hadi tanuri

Shikamooni walimu. Sekondari yetu haikuwa na somo la sanaa. Chuo ninachoomba kinataka potfolio ya kazi 15 na nimebakiwa na miezi mitatu. Nianzie wapi?

Marahaba. Anzia jikoni. Weka sufuria, kandambili na mbuzi ya kukunia nazi karibu na dirisha, zima taa ili mwanga utoke upande mmoja, kisha chora kwenye karatasi ya A3 kwa penseli za HB, 2B, 4B na 6B. Mbuzi hasa ni mwalimu mkali: miguu yake inapishana, na ulimi wa chuma ukielekezwa kwako unafupika machoni, jambo ambalo mkono usiozoea hukataa kulichora. Tenga saa moja kila siku: mchoro wa dakika 5, wa 15, halafu wa 40.

Usinakili nyuso za watu maarufu kutoka kwenye simu. Kamera imekwisha kufanya kazi ya kulibapa umbo, na msaili huitambua mara moja, kwani kingo zote huwa na ukali sawa na vivuli huwa vyeusi tii visivyo na kitu ndani. Katika zile 15, kumi ziwe za vitu, watu na mitaa uliyoitazama kwa macho yako, tatu ziwe za rangi, na mbili ziwe kurasa za daftari lako la michoro, makosa yakiwemo. Wengi hulificha daftari, ilhali ndilo linaloonyesha unavyofikiri.

Kazi zipigie picha nje, kivulini, bila flashi, mbali na ukuta wa rangi kali maana rangi hiyo itaakisiwa kwenye karatasi. Simama kama mita 2 nyuma na uvute zumu, kwa sababu simu ikiwa karibu mno kingo za karatasi hupinda. Michoro ya mkaa inyunyizie dawa ya kushikiza kutoka umbali wa sm 30. Sprei ya nywele nayo hushika, ila baadaye karatasi huwa ya manjano.

Ninunue laptop gani kabla ya kuripoti?

Usinunue bado. Kozi nyingi huanza na kazi za mkono, na utajua mahitaji yako ukishakaa darasani. Ikibidi sasa hivi, RAM ya GB 16 itakufaa kuliko kioo kikubwa. Inkscape, GIMP na Krita ni programu za bure na zinatosha kuanzia.

Tumepewa zoezi la kusanifu kanga. Pindo langu halikutani vizuri kwenye kona, ua linakatika.

Ulichora ua kwanza ukapima baadaye. Geuza utaratibu. Tuseme kanga ni sm 150 kwa 110 na pindo lina upana wa sm 15. Kona nne zinakuwa miraba ya sm 15, zichoree pambo lake lenyewe. Ukizitoa, ubavu mrefu unabaki na sm 120 na mfupi sm 80. Sasa tafuta kipimo kinachogawa zote mbili bila baki: sm 20 inaingia mara 6 na mara 4. Ua la sm 25 lingeingia mara 4 ubavuni na kuacha sm 20 zisizo na mwenyewe, na hapo ndipo mkasi unapopita.

Ncha mbili fupi ziongezee sm 1 kila moja. Doti hukatwa hapo na mwenye kanga hukunja, kwa hiyo usipoacha nafasi mapindo ya kushoto na kulia yataonekana membamba kuliko ya juu na chini. Mji, yaani sehemu ya kati, upange upendavyo, lakini jina, yaani maneno ya kanga, likae katikati, juu kidogo ya pindo la chini.

Nikiosha skrini ya kuchapia (fremu iliyowambwa kitambaa chembamba) baada ya kuichoma kwa mwanga, wakati mwingine emalsheni, ile dawa inayogandishwa na mwanga, yote inabanduka, wakati mwingine picha haifunguki kabisa. Tatizo ni maji?

Maji hayana kosa. Ikibanduka yote, mwanga haukutosha, au uliichoma kabla haijakauka, au kitambaa kilikuwa na mafuta. Kisugue kwa sabuni ya vyombo kabla ya kupaka, kisha kausha skrini gizani ikiwa imelala. Ikigoma kufunguka, ama mwanga ulizidi, ama wino wa tresing (karatasi angavu yenye picha) si mweusi wa kutosha. Shika tresing juu ya taa: ukiona mwanga unapenya kwenye weusi, chapa mbili uzipandanishe.

Muda wa kuchoma usiuazime kwa jirani mwenye taa tofauti. Paka skrini moja ya majaribio, ifunike kwa kadibodi, na uisogeze kila baada ya dakika moja mara sita. Osha, kisha chagua kipande kilichofunguka safi bila kingo kulegea.

Kwa fulana tumia kitambaa cha skrini cha nyuzi 43 kwa sentimita, na kwa karatasi yenye mistari myembamba 77 au zaidi. Acha mwanya wa mm 2 hadi 3 kati ya skrini na nguo, la sivyo picha itachafuka kingo. Wino wa maji hukauka upesi kwenye joto la pwani, kwa hiyo kila ukichapa, rudisha wino ufunike picha wakati unapanga nguo nyingine.

Vyungu vyangu vinapasuka kwenye tanuri. Je, udongo ni mbaya?

Angalia vipande kabla ya kuulaumu udongo. Chungu kilicholipuka vigae kilikuwa na unyevu, na maji yakageuka mvuke ukakosa pa kutokea. Kiguse kwa shavu kabla ya kupanga: kikiwa cha baridi, hakijakauka. Hata kikavu, kishikilie chini ya nyuzijoto 100 kwa saa kadhaa huku tundu la tanuri likiwa wazi. Ufa mmoja mwembamba na msafi huashiria tanuri lilifunguliwa mapema. Karibu na nyuzi 573 chembe za kwazi (madini yaliyomo kwenye udongo) hubadilika ukubwa ghafla, hivyo hapo joto lishuke taratibu. Na ufa wenye umbo la S kwenye kitako ulianzia kwenye gurudumu, pale ulipokosa kukandamiza kitako kwa vidole.