Hasira za baba watoto na tumbo linalomuwaka

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Tandahimba, mume wangu ana miaka 46, tunalima korosho. Ni mtu wa hasira toka namjua ila msimu huu imezidi, malipo yakichelewa au akiona makato asiyoyaelewa anapandisha mpaka mishipa ya shingo inamtoka na mikono inatetemeka, usiku halali, alafu tumbo linamuwaka hasa akiwa na njaa. Kila siku anameza diklofenaki za mgongo, mbili mbili, anaendelea na kazi. Mama mkwe anasema hasira ndo zimemtoboa tumbo na presha inakuja. Ni kweli?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama. Mkweo kapatia nusu.

Kwenye tumbo hata sisi madaktari zamani tulikuwa tunasema vidonda ni mawazo tu, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kuna bakteria anaitwa Helicobacter pylori, na Marshall alikunywa hao bakteria mwenyewe tumbo likamchafuka kweli, 2005 wakapewa Nobel. Sababu nyingine kubwa ni hizo hizo diklofenaki. Stresi inaweza kuongeza maumivu, sikatai, ila kabla hujalaumu roho yake kague mfuko wake wa shati. Aziache, kwa sasa atumie parasetamo kwa kipimo chake, na aombe kipimo cha choo cha hao bakteria, wakionekana wanatibika kwa dawa.

Presha sasa. Mtu akikasirika mwili unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda, akitulia inashuka. Hasira ya siku moja haimpi mtu ugonjwa wa presha. Shida ni ya kila siku ikijumlishwa na kukosa usingizi, chumvi, uraka (ile pombe ya mabibo) na sigara, na diklofenaki nazo zinapandisha presha, hilo wengi hawalijui.

Kuhusu tabia, miaka ya 1950 madaktari wawili wa moyo wa Marekani, Friedman na Rosenman, walisema watu wa haraka haraka na wa kushindana wanaumwa sana moyo. Tafiti za baadaye zikaona haraka si tatizo sana, kinachohusishwa zaidi na moyo ni chuki na kuona kila mtu anakuibia. (Kampuni za sigara nazo zilimwaga hela kwenye tafiti hizo, ziliona afadhali ilaumiwe tabia kuliko sigara!)

Apimwe presha akiwa ametulia, amekaa dakika 5, sio ametoka kugombana mnadani. Ikisoma 140/90 kwenda juu siku tofauti tofauti aanze kliniki. Akipata choo cheusi kama lami, akitapika damu au kifua kikimbana, hospitali saa hiyo hiyo.

Na usimwambie anaenda kupimwa hasira, hatoki ndani huyo. Mwambie mnaenda kuulizia dawa nyingine ya mgongo, pakti ya diklofenaki mbebe, presha watampima hapo hapo.