Shahada mkononi, mshahara chini: jibu la aliyeingia studio za michezo ya video mara mbili

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba umehitimu shahada ya miaka minne ya sayansi ya kompyuta, umepata ofa ya kuwa mbunifu msaidizi katika studio ya michezo ya video yenye ukubwa wa kati, na kwamba mshahara uliotajiwa unakaribia nusu ya ule aliopewa mwenzako wa darasani aliyekwenda kutengeneza programu za biashara. Umeuliza kama hilo ni la kawaida, na kama ukubali. La kwanza ni jepesi: ndiyo, ni la kawaida. La pili linahitaji urefu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nimeingia katika kazi hii mara mbili, mara ya kwanza kwa mlango wa chini kabisa na mara ya pili kwa mlango mwingine, kisha nikakaa miaka kadhaa upande wa meza ambako mishahara hiyo hupangwa.

Mara ya kwanza niliajiriwa kama mpimaji, yaani yule anayecheza mchezo usiokamilika kutwa nzima akitafuta hitilafu na kuziandikia ripoti. Mkataba ulikuwa wa miezi tisa, na mwajiri wangu kwa maandishi hakuwa studio yenyewe, alikuwa wakala wa ajira aliyewekwa katikati. Kuna wiki nzima niliyoimaliza nikimtembeza mhusika yule yule kwenye ukuta ule ule, pembe baada ya pembe, kwa sababu mara moja katika mamia alikuwa akipenya na kuanguka nje ya ulimwengu wa mchezo. Wote tuliokaa safu ile tulikuwa na shahada, mmoja wetu ana ya uzamili katika fizikia, na wote tulilipwa kiwango kimoja na kijana aliyeingia moja kwa moja kutoka sekondari. Sikuona ajabu wakati ule. Niliamini kwamba nikiwa ndani, shahada yangu itaonekana yenyewe.

Haikuonekana, na sababu yake niliielewa baadaye sana, nilipoingizwa katika kamati ya kuajiri ya studio nyingine. Tulikuwa na jedwali lenye viwango vya chini, vya kati na vya juu kwa kila cheo. Niligundua kwamba mtengeneza programu wa seva, yule anayeshughulikia hifadhidata na miunganisho ya wachezaji, alianzia kiwango kilicho juu zaidi ya mtengeneza programu wa mwendo wa mchezo, ingawa wote wawili walikuwa wamesoma masomo yale yale, na kazi ya huyu wa pili ndiyo mchezaji anayoigusa kwa vidole vyake. Nikauliza. Mkuu wa fedha, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alinijibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake: "Wa seva akiudhika leo, kesho benki inamchukua. Huyu mwingine akiudhika, aende wapi?"

Ndugu yangu, jibu la swali lako liko katika sentensi hiyo. Mshahara wa kuanzia katika michezo ya video haupimi uzito wa shahada wala ugumu wa kazi. Unapima urefu wa foleni iliyo nyuma yako na idadi ya milango mingine inayoweza kukupokea ukiondoka. Nafasi moja ya mbunifu msaidizi tuliyoitangaza ilituletea maombi zaidi ya mia nne kwa siku kumi, na wengi wa waombaji walieleza kwenye barua zao, kabla hata ya kuulizwa, kwamba wangefanya kazi hiyo kwa malipo yoyote. Nafasi ya mtaalamu wa seva ilikaa wazi miezi mitano. Hakuna aliyekaa chini kupanga njama ya kuwanyonya wabunifu. Kiwango cha chini kwenye jedwali kilipatikana kwa kuangalia mtu wa mwisho alikubali kiasi gani, na yeye naye alikuwa amekubali kwa kuangalia foleni.

Sasa ofa yako yenyewe. Una shahada ambayo soko zima la programu linaipa bei, lakini umeomba nafasi ambayo shahada hiyo haina bei. Mbunifu msaidizi hupanga ngazi, hurekebisha ugumu wa mapambano, huandika maelezo ya silaha, na huhamisha tarakimu kutoka jedwali moja kwenda jingine mpaka mchezo ukolee. Ni kazi ngumu na mimi naiheshimu, lakini nje ya studio hakuna benki wala hospitali inayotafuta mtu wa kazi hiyo. Kwa hiyo mwenzako hakulipwa zaidi yako kwa kuwa ana akili zaidi. Amesimama katika foleni fupi yenye milango mingi, na wewe ukiwa na cheti kama chake umekwenda kusimama katika foleni ndefu yenye mlango mmoja.

Jambo hili ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watengeneza programu wa Atari, kampuni ya Marekani ya michezo ya video, walikuwa waajiriwa wa mshahara wa kawaida, bila mrabaha na bila majina yao kutajwa kwenye kasha la mchezo. Warren Robinett, ambaye amesimulia mwenyewe kwamba alilipwa takriban dola 22,000 kwa mwaka, alikificha chumba cha siri chenye jina lake ndani ya mchezo wa Adventure, mchezo ambao ulikuja kuuzwa nakala zipatazo milioni moja. Wenzake wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walipiga hesabu wakaona kwamba michezo waliyoitengeneza wao ilileta sehemu kubwa ya mauzo ya kampuni, wakaenda kuomba nyongeza, wakakataliwa. Mwaka 1979 wakaondoka na kushiriki kuanzisha Activision. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa wakati huo waliojua kuandika msimbo wa mashine ya michezo ya Atari walikuwa wachache mno. Walikuwa na mlango, na pale ambapo hawakuukuta wazi walikuwa na uwezo wa kuutoboa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Japani. Kwa miaka mingi wahitimu wapya katika kampuni kubwa za michezo za huko walianza kwa mishahara ya kawaida tu. Mwaka 2023 Sega ilipandisha mshahara wa mwezi wa mhitimu mpya wa chuo kikuu kutoka yeni 222,000 hadi yeni 300,000, na Capcom ikafuata ikitoka yeni 235,000 hadi yeni 300,000 kwa walioanza kazi mwaka 2025. Masomo ya wahitimu hao hayakubadilika ghafla, na mapenzi yao kwa michezo hayakupungua. Kilichobadilika ni kwamba vijana wanaohitimu wamekuwa wachache huku kampuni zikigombania wale wale, na gharama za maisha nazo zikipanda. Foleni ilipofupika, bei ikapanda.

Watu wa studio watakwambia, nami nimewahi kulisema mwenyewe nikiwa upande ule wa meza, kwamba fedha hazipo. Lina ukweli wake, ingawa si ukweli wote. Studio ya ukubwa wa kati kwa kawaida huishi kwa malipo ya awamu kutoka kwa mchapishaji, yaani kampuni inayogharamia mchezo na kuuza: ukikamilisha hatua fulani unalipwa, ukichelewa hulipwi, na mchezo ukitoka mchapishaji hujirudishia kwanza alichotanguliza kabla studio haijaona mrabaha. Duka la mtandaoni nalo lina fungu lake, ambalo kwenye Steam ni asilimia 30 kwa mauzo ya kawaida. Huko Marekani, kwa muda mrefu bajeti za michezo zilikadiriwa kwa kanuni ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, na wengi wakisikia hivyo hudhani ndiyo mshahara, kumbe humo mna pango, mashine, leseni za programu, bima, na mishahara ya wasioandika hata mstari mmoja wa msimbo. Anayeanza hupata kinachobaki. Hata hivyo, bajeti hiyo hiyo "isiyo na fedha" niliwahi kuiona ikipata fedha ndani ya siku mbili, pale mtaalamu mmoja wa michoro ya kompyuta alipoleta barua ya ofa kutoka kwingine.

Kuna hesabu moja ambayo hukuitaja na ambayo ina uzito kuliko tarakimu iliyoandikwa kwenye ofa, nayo ni hesabu ya saa. Mkataba ukisema saa 40 kwa wiki, halafu miezi ya mwisho kabla ya mchezo kutoka ukafanya saa 60 bila malipo ya ziada, thamani ya kila saa yako imeshuka hadi theluthi mbili ya ile uliyoahidiwa. Mwaka 2004 barua ya wazi ya mchumba wa mfanyakazi mmoja wa kampuni ya michezo ya Electronic Arts iliyaweka wazi maisha hayo, na kesi zilizofuatia zikamalizika kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 15.6 kwa wasanii wa picha na dola milioni 14.9 kwa watengeneza programu. Jambo dogo ambalo wengi hulisahau katika mapatano yale ni kwamba baadhi ya wafanyakazi wa ngazi ya chini walihamishiwa kwenye malipo ya saa yenye haki ya saa za ziada. Kwa anayeanza, badiliko hilo lina faida kuliko cheo kizuri. Mimi nilipokuwa mpimaji nililipwa kwa saa, na nilipopandishwa kuwa mtengeneza programu msaidizi kwa mshahara wa mwezi nilifurahi sana, mpaka msimu wa kukesha ulipofika nikagawanya mshahara kwa saa nilizofanya na kukuta kwamba cheo kipya kilikuwa kimenipunguzia kipato. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea.

Tena usitegemee sana ile ahadi ya "anza hapo, tutakuongeza". Nyongeza nyingi huwa asilimia ya ulichonacho. Mshahara wa 100 ukiongezwa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka mitano utakuwa takriban 116, wakati aliyeanzia 180 hajasimama akikusubiri. Katika studio zote nilizofanya kazi, waliopata ongezeko la maana walilipata kwa kuhama, au kwa kukaribia kuhama. Njia nyingine ni kudai kwa pamoja, nayo imeanza kuzaa matunda hasa miongoni mwa wapimaji. Aprili 2022, katika kipindi ambacho wapimaji wa studio yake ya Raven Software walikuwa wakijipanga kuunda chama cha wafanyakazi, Activision Blizzard iliwageuza wapimaji takriban 1,100 wa muda kuwa wa kudumu na kuweka kima cha chini cha dola 20 kwa saa. Mwezi uliofuata wapimaji wa Raven walipiga kura na chama kikapita. Lakini usisahau upande wa pili: Januari 2024, miezi michache tu baada ya Microsoft kuinunua kampuni hiyo, watu 1,900 wa kitengo cha michezo cha Microsoft walipunguzwa kazini. Mshahara mdogo katika kazi isiyo na uhakika hauachi akiba ya kukufikisha kwenye kazi inayofuata.

Mimi niliondoka baada ya miaka mitatu. Nilikwenda kampuni ya programu za usafirishaji wa mizigo, kazi kavu isiyo na joka wala upanga, nikajifunza seva na mifumo inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Wapo marafiki walioniita msaliti, nusu kwa utani. Nilipotaka kurudi kwenye michezo, nilirudi nikiwa yule wa seva, na mshahara wangu wa kwanza katika awamu hiyo ulizidi mara mbili ule nilioondoka nao. Sikuwa nimeongeza shahada yoyote. Jioni na mwisho wa wiki nilikuwa nimetengeneza michezo midogo miwili iliyokamilika, na kwenye usaili waliniuliza kuhusu hiyo kwa muda mrefu zaidi kuliko walivyoniuliza kuhusu chuo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiikatae studio, ikatae nafasi. Waandikie kwa adabu kwamba una shahada ya sayansi ya kompyuta na ungependa kufikiriwa kwa nafasi ya kutengeneza programu, hasa ya zana za ndani, seva au mifumo ya mtandaoni, na kwamba uko tayari kushirikiana na wabunifu. Kuhamia ubunifu ukiwa tayari umo ndani kunawezekana, nami nimewaona watatu waliohama hivyo wakibaki na mishahara yao. Kabla ya mazungumzo, soma matangazo ya kazi ya studio zilizoko Colorado na California, majimbo ya Marekani ambako sheria huwataka waajiri waandike viwango vya mshahara kwenye tangazo, Colorado tangu 2021 na California tangu 2023 kwa wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Tarakimu zenyewe hazitakuhusu, lakini uwiano kati ya mbunifu msaidizi na mtengeneza programu msaidizi ndani ya studio moja utakuonyesha unachokiacha mezani.

Wakikujibu kwamba nafasi ni ile ile ya ubunifu au hakuna, waombe mambo matatu kwa maandishi: wiki za saa za ziada katika mradi uliopita zilikuwa ngapi na zililipwaje, jina lako litatajwa kwenye mchezo hata kama utaondoka kabla haujatoka, na mkataba usikuzuie kumiliki utakachotengeneza kwa muda wako mwenyewe. Hilo la mwisho wengi hulisaini bila kulisoma. Nami nililisaini hivyo hivyo mara ya kwanza, na mchezo mdogo niliouanza usiku wakati wa mkataba ule bado umefungiwa kwenye diski, kwa sababu kisheria si wangu.