Mwanangu, kuhusu hiyo saikolojia yako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nyumbani sote wazima, na nyanya yako goti limempoa kidogo, anakusalimu sana.

Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Uliniuliza, "Mama, nikimaliza hii saikolojia nitafanya kazi gani?" Ukaniambia pia kwamba ami yako alikusimanga mbele ya watu pale harusini, kwamba umeingia chuo kikuu miaka minne kusomea kupiga soga, na kwamba bado hujachelewa kuhamia unesi. Sikutaka kukujibu mbiombio kwa simu. Mimi ni mwalimu mwaka wa 22 huu, na 15 kati ya hiyo nimekuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha. Hili ninalijua kwa kulifanya.

Nianze na lililo gumu. Shahada ya kwanza ya saikolojia peke yake haikufanyi mwanasaikolojia wa kutibu watu. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kazi hiyo ina bodi yake. Anayetaka kukaa na wagonjwa kama mwanasaikolojia wa kliniki huendelea na uzamili, tena afanye mazoezi mengi chini ya macho ya msimamizi. Ukijumlisha na minne ya sasa, hesabu miaka sita au saba. Na hata ukifika huko, dawa hutaandika. Dawa za akili ni kazi ya watu wa tiba, wakiongozwa na daktari bingwa aliyesomea udaktari kwanza, kisha akabobea katika magonjwa ya akili. Ami yako anawachanganya hao wawili, na nusu ya mtaa wetu pia. Wewe usiwachanganye, kwa sababu mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo ndiye anayefika mwaka wa nne akahisi amedanganywa.

Hayo nimekwambia ili ujue safari ni ndefu. Sikwambii ili uhame.

Nilipoanza kazi ya ushauri, aliletwa kwangu msichana wa kidato cha pili. Kila Jumatatu tumbo linamuuma, anaomba ruhusa, zahanati hawaoni ugonjwa. Walimu wakasema mvivu. Nilimkalisha karibu saa nzima, nikamnasihi: soma kwa bidii, mtegemee Mungu, jiepushe na makundi. Akaniitikia, "Ahsante mwalimu," akaondoka, na hakurudi tena ofisini kwangu. Muhula uliofuata aliacha shule. Baadaye sana shangazi yake akanieleza. Mamake alikuwa Saudia akifanya kazi za nyumbani, na simu yake ilikuwa ikija kila Jumapili usiku. Ikaacha kuja. Mtoto alikuwa akikesha na simu mkononi kila Jumapili, asubuhi anakuja shule na tumbo lake.

Sikumuuliza Jumapili anafanya nini. Nilikuwa nazungumza mimi tu. Hata leo nikimkumbuka najiona nina deni lake.

Kwa hivyo mtu akikwambia kusikiliza ni soga, mimi najua bei ya kutojua kusikiliza. Miaka mingine ikapita ndipo nikapelekwa mafunzo ya muda mfupi, wiki chache tu, nikafundishwa kunyamaza, kuuliza swali lililo wazi, kungoja jibu bila kulijaza mwenyewe. Wewe unapewa miaka minne.

Nakumbuka uliniambia mnamsoma Mary Ainsworth, yule mwanasaikolojia, katika somo la makuzi ya mtoto. Je, waliwaambia macho yake yalifunguka wapi? Mwaka 1954 alimfuata mumewe Kampala, mume ana kazi, yeye hana. Akaanza kutembelea familia za Waganda zenye watoto wachanga, familia 26, kila baada ya wiki mbili, anakaa sebuleni kama saa mbili na mkalimani wake, anamtazama mama na mtoto na kuuliza maswali. Aliona kwamba akina mama waliokuwa na mengi ya kumweleza juu ya mtoto wao, analia vipi, anapenda nini, anaogopa nini, ndio ambao watoto wao walikuwa wametulia, wanatambaa kwenda kuchezea vitu kisha wanarudi kwa mama. Lile jaribio lake la chumbani, la mama kutoka na kurudi huku mtoto akitazamwa, linalojaza vitabu vyenu alilifanya baadaye Marekani. Elimu hii ina mizizi kwenye mikeka ya huku kwetu, mamangu. Usikubali kuisoma kana kwamba umeazimwa.

Na hapo ndipo naona faida yako kubwa kuliko mnavyofikiri. Vitabu vyenu ni vya Kiingereza, lakini mtu wa mitaa yetu ya Mombasa, Majengo au Likoni, haji kwako akakwambia ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Atakwambia kichwa kimejaa. Atakwambia ana mawazo, moyo unamwenda mbio, usingizi umemhama, amechoka na dunia. Mwingine ameshasomewa kwa sheikh mara mbili kabla hajafika kwako, na ukimdharau kwa hilo umempoteza. Ile fomu ya maswali 9 ya kupima sonona, PHQ-9, ina tafsiri ya Kiswahili na imetumika hapa Kenya, ila karatasi haijui mama mtu mzima akisema "niko tu" anamaanisha nini. Wewe unajua. Umekulia kwenye baraza za watu wanaosema hivyo.

Sasa kazi zenyewe. Nenda kliniki ya Kisauni inayotoa methadoni, dawa ya kuwaachisha watu heroini, uone. Vijana waliokuwa mateja wanafika kila siku kunywa dozi yao mbele ya muhudumu, ili waachane na unga bila kuangushwa na arosto, yale mateso ya mwili ukiukosa. Methadoni inatuliza mwili. Lakini kuna kumrudisha kijana kwa mama ambaye televisheni na sufuria zake ziliibwa na kijana huyo zikauzwa, kuna kumfundisha la kufanya saa kumi jioni anapopita kwenye maskani ya zamani, kuna kumpokea akianguka tena bila kumtukana. Kazi hiyo ni ya mshauri nasaha. Pwani yetu imezika watoto wengi kwa unga, nawe unawajua kwa majina. Kama ningekuwa na umri wako, hapo ndipo ningeanzia.

Shule nazo zinahitaji washauri, ila ujue kwamba bila mafunzo ya ualimu TSC, tume ya serikali ya walimu, haikusajili. Shule za binafsi zina taratibu zao. Kuna kundi la Nairobi liitwalo Shamiri linalowafunza vijana waliomaliza sekondari juzi tu, nao wanaendesha vikao na wanafunzi wa sekondari kuhusu huzuni na wasiwasi. Matokeo yao wameyapima kwa utafiti. Watafute, uko nao mji mmoja.

Kuna mahakama na serikali: maafisa wa probesheni wanaowaangalia waliohukumiwa kifungo cha nje, maafisa wa watoto, magereza. Mpaka juzi hapa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Fikiria ni watu wangapi walinyamaza na mateso yao miaka yote hiyo wakiogopa polisi. Sasa wakithubutu kusema, nani atakuwa amekaa upande wa pili wa meza?

Kambi za Dadaab na Kakuma huajiri watu wa kuwahudumia wakimbizi wenye kiwewe. Kazi ya kheri, lakini mara nyingi mkataba unafuata mradi, mradi ukiisha na wewe umeisha. Weka akiba. Ofisi za waajiri pia huchukua watu wa saikolojia kusaili na kufunza wafanyakazi. Sitasema mengi, kwa sababu sikuoni ukitulia huko.

Utafiti ndio ambao hamuutazami, na naona kosa. Daniel Kahneman alikuwa mwanasaikolojia, na mwaka 2002 akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kuchunguza jinsi watu wanavyoamua mambo wakiwa hawana uhakika. Nairobi kuna kituo cha Busara kinachofanya kazi za namna hiyo: kwa nini mtu aache kuweka akiba ilhali anataka, kwa nini asirudi kliniki. Lakini huko haingii mtu anayekimbia takwimu. Uliniambia somo hilo linakutoa jasho na unafikiria kulisukuma mbele mpaka mwaka wa mwisho. Naomba usifanye hivyo. Lichukue sasa, tafuta wenzako wawili mkae nalo jioni, na kama kuna wa kukufunza kwa malipo, niambie nitume pesa. Anayejua kusikiliza na pia kuhesabu hakosi mahali, hata uzamili ukichelewa.

Kuhusu huo uzamili, babako na mimi tumezungumza. Rai yangu ni ufanye kazi kwanza miaka miwili. Ada ni kubwa, na ndugu zako wawili bado wako shule. Lakini hata pesa zingekuwepo ningesema vivyo hivyo, maana kuna watu huisomea kazi ya kukaa na wenye dhiki mpaka shahada ya pili, ndipo wakagundua roho zao haziiwezi. Ni afadhali ujijue mapema. Ukiona unarudi nyumbani kila jioni na huzuni za watu zimekuganda, huo si udhaifu, ni jambo la kumpelekea msimamizi wako. Usilifiche, hata kwangu.

Ami yako niachie mimi. Anakupenda, na hofu yake ni ya mtu aliyewaona wengi wenye vyeti wamekaa barazani.

Likizo ya Agosti usipange safari. Nimeongea na mama mmoja anayesimamia nyumba ya kuwarekebisha waraibu huku Mombasa, amekubali ukae nao wiki sita. Malipo hakuna, nauli na chakula cha mchana nitakupa. Utaanza kwa kupokea watu mlangoni na kuandika majina, na vikao utaingia tu pale mwenyewe mgonjwa akiridhia. Anataka barua ya idara yako yenye muhuri kabla ya tarehe 15 Julai. Kaiulizie Jumatatu.

Mamako