Barua kwa mwanangu: kuhusu ile nyumba ya nje ya jiji

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza muache fleti ya mjini mkanunue ile nyumba kwenye mji wa pembeni, ule wa saizi ya kati, si kijiji si jiji, na unataka nikupe faida na hasara manake mumeo anataka bustani na wewe unaogopa kuboreka. Bustani ni nzuri. Kelele zitapungua, vyumba vitaongezeka, mtoto ataendesha baiskeli nje bila kushikwa mkono. Hilo halina mjadala. Mimi nauliza habari ya asubuhi na jioni: nani atatoka saa ngapi, atarudi saa ngapi, na katikati hapo nani yuko karibu na mtoto. Nilishawaambia nyie wote, mtu akihama hanunui nyumba, ananunua njia.

Unaikumbuka siku jino lako la kwanza lilipong'oka, sisi tukiwa tumeshahama mjini? Wewe unaikumbuka kivyako, mimi kivyangu. Mvua ilianza mchana haikukatika, basi la saa 11 halikuja, la saa 12 likaja limejaa mpaka mlangoni likapita bila kusimama, baba yenu yuko safari, simu ya nyumbani inaita tu haipokelewi. Nimesimama kituoni na madaftari ya kusahihisha nimeyafunga kwenye mfuko wa plastiki, roho iko juu. Nafika usiku, nyumba giza tupu, nikakimbia kwa yule mama wa nyumba ya kona. Nikawakuta wewe na kaka yako mmeshaoga, mmekula, mmelala kwenye godoro pale sebuleni, wewe umevaa fulana ya mwanae inakufika magotini. Hakuna aliyemwomba. Aliona tu taa zetu haziwaki, akaja kugonga. Akanipa kiboksi cha kiberiti, ndani kuna jino limefungwa kwenye tishu, akanihadithia lilivyotoka, ulivyocheka badala ya kulia, ulivyojaribu kulirudishia kwa kidole. Nilimshukuru mpaka maneno yakaniishia. Na palepale nikaumia, na mpaka leo naumia, kwamba habari ya jino la mwanangu nilihadithiwa.

Sasa siku ile niiweke kwenye faida au kwenye hasara? Tungekuwa bado mjini ningefika kwa miguu, mvua au jua. Lakini pale mjini mlango wa pili sikuwajua hata majina, tuseme siku hiyo nisingefika, nani angeona taa haziwaki? Nikisema hivyo naona kuhama ilikuwa sawa kabisa. Halafu nakumbuka kwamba jicho lililoona taa zetu ndo hilohilo lililomuona dada yako akishushwa na yule kijana, na mimi nikaletewa taarifa hata viatu hajavua. Dada yako anasema ule mtaa ulimbana. Mimi nasema ulimlinda. Hatujakubaliana na sidhani kama tutakubaliana, ila huwezi kuchagua jirani aone taa tu asione mengine.

Mnanijua, siwezi kumaliza barua bila kumtaja yule Mwingereza wangu, Ebenezer Howard, aliyebuni wazo la miji-bustani; mwalimu wa jiografia kama mimi hastaafu. Yeye alitaka miji ya watu kama 32,000 hivi, yenye hewa ya shamba na kazi za mjini, na wa kwanza, Letchworth, ulianza kujengwa mwaka 1903. Wengi wamechukua ile bustani yake wakaiacha ile kazi. Yeye viwanda na ofisi aliviweka mlemle ndani, mtu aende kazini arudi bado kuna mwanga. Mji ambao watu wazima wote wanaondoka asubuhi kurudi kulala, huo hakuuchora yeye. Kwa hiyo ukiangalia huo mji wenu usihesabu miti tu, angalia kama kuna kazi, kama kuna daktari, kama mtoto akifika miaka 15 anaweza kwenda mahali bila kusubiri mzazi mwenye gari. Na sisi wazee je, siku nikiacha kuendesha nitawafikiaje? Gari moja halitawatosha, hilo lijueni mapema, mafuta na matengenezo yatakula ile nafuu yote mliyoipata kwenye bei ya nyumba.

Mumeo anasema barabara inapanuliwa. Mwambie kwa heshima zote kule Houston, Marekani, waliipanua ile ya Katy, kazi ikakamilika 2008, ikawa moja ya barabara pana kabisa duniani, na baada ya miaka michache foleni ikarudi palepale. Barabara ikiwa nyepesi watu wanaongezeka kuitumia, wengine wanahamia mbali zaidi kwa sababu hiyohiyo. Narudia tena mwanangu, hununui nyumba, unanunua njia, na njia hiyo haiko kwenye picha za dalali.

Kwa hiyo msiende kuiona tena Jumapili. Nendeni siku ya kazi, muanzie pale saa ileile mtakayokuwa mnatoka kweli, mfike ofisini, na jioni mrudi na watu wote. Ulizeni basi la mwisho ni saa ngapi. Kisha mgonge nyumba mbili tatu za jirani msalimie, muone kama mtu anafungua na anafunguaje.

Ninalo jibu langu, tena toka juzi ulivyoniandikia, na linaniwasha kulisema. Lakini nikilisema leo mumeo ataona nimewaamulia, na nyumba ni yenu. Mkishaenda nipigie jioni hiyohiyo, mkiwa bado mmechoka.

Mama yako