Usitume hiyo hela! Ruzuku ya gari ya umeme ihesabu sifuri

Usitume hiyo hela. Soma kwanza, halafu ukitaka kunitukana nitukane. Nimeshatukanwa na mama watoto kwa jambo hili hili na bado naishi.

Ndugu yetu wa Muheza kaleta uzi. Ana milioni 14, nusu ya machungwa nusu mkopo wa SACCOS. Kuna wakala kamwahidi gari ya umeme ya Kijapani, iliyotumika, imfikie mkononi kwa milioni 12 "maana magari ya umeme hayana kodi", na kwamba serikali iko mbioni kuwapa wanunuzi ruzuku kama Ulaya. Anauliza aagize sasa au asubiri, atachaji wapi, betri itastahimili vipi joto letu, na kama ni haki kodi za wananchi zimsaidie mtu kununua gari. Wadau mmeshajaa hapo juu, Norway hivi, Ujerumani vile, utadhani jukwaa zima linakaa Oslo. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza hayo maneno "hayana kodi" yameandikwa wapi.

Na mimi sikuuliza. Ndiyo maana kiwanja changu cha Pongwe leo kina nyumba ya mtu, ina bati la bluu, naliona kila nikipita kwenda huko kwenu Muheza.

Kulikuwa na jamaa wa kutoa mizigo bandarini, jina simtaji. Shati limenyooka, simu mbili, kila baada ya maneno matatu "bosi wangu". Akanitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi. Kiingereza cha kiserikali, vipengele vina namba, kinasema magari ya umeme yamesamehewa ushuru wa kuingiza, VAT na ushuru wa bidhaa. Sehemu ya juu ya ukurasa imekatwa. Lakini nani anahangaika na juu ya ukurasa wakati chini kumeandikwa msamaha? Nikakaa barazani kwangu Makorora na kalamu: bei ya gari, meli, bima, kodi sifuri, usajili, chake wakala. Hesabu ikakubali, ikabaki hadi ya kubadilisha viti. Nikaagiza.

Gari ikashuka Dar. Makadirio ya kodi yakaja, kamili, hayana hata chembe ya msamaha. Nikajua kompyuta imekosea, maana sisi tukikosea husema kompyuta. Nikapanda basi pale Kange alfajiri, nikaenda kumwonyesha ofisa wa forodha ile picha. Akaikuza kwa vidole, akasoma, akasoma tena, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hii umepewa na nani?"

Msamaha ulikuwepo, wakuu. Wa kweli kabisa. Ila ulikuwa wa Kigali. Rwanda ndio walioamua mwaka 2021 kwamba gari ya umeme isilipe ushuru wa kuingiza, wala VAT, wala ushuru wa bidhaa. Mimi mtu wa Makorora nimepanda basi usiku usiku na msamaha wa Wanyarwanda mfukoni, nadai haki yangu. Yule ofisa hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Angecheka ningepata wa kugombana naye.

Nikampigia wakala. "Bosi wangu, sheria zimebadilika jana." Jana! Za wapi, za Dodoma au za Kigali? Huyu mtu hadi leo anatoa mizigo ya watu na anasalimiwa kwa heshima. Na ubaya wake ni kwamba hakubuni uongo, angebuni ningemshtukia. Kachukua ukweli wa nchi moja kauvusha mpaka kuja kuuuza nchi nyingine, na huo ukweli haukulipiwa ushuru.

Gari ikawa inalala bandarini nikisaka hela, na kulala kwenyewe kunalipiwa. Kila nikikaribia kiasi kinachotakiwa, nakuta kimesogea. Benki wanataka wiki za kujaza fomu, shemeji anataka kwanza kujua nilimsikiliza nani. Kikabaki kiwanja. Nikakiuza kwa bei ya mtu mwenye haraka, na Tanga hii habari za mtu mwenye haraka humtangulia sokoni. Dalali wa kwanza aliyenipigia alishajua hadi jina la meli.

Sasa nikuonyeshe kodi zinavyopandana, kwa sababu huyo wakala wako hatakuonyesha. Tuseme forodha wameithamini gari yako milioni 10, meli na bima zikiwa humo. Ushuru wa forodha tuuchukulie asilimia 25, hiyo ni milioni 2.5. VAT ya asilimia 18 haianzii kwenye milioni 10, inaanzia kwenye 12.5, kwa hiyo ni 2,250,000. Hapo tayari 4,750,000, na sijagusa ushuru wa bidhaa, tozo ya reli, ada za usajili, wala nyongeza ya uchakavu inayozisubiri gari kuukuu. Kila ushuru unaoongezwa chini unakuzwa na VAT juu. Na usitegemee risiti ya Japani, kwa magari yaliyotumika forodha wana thamani zao wenyewe. Kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni, bure, unaweka aina ya gari na mwaka wake, kinakupa jumla. Mimi sikukifungua. Mtu ana picha ya WhatsApp, kikokotoo cha kazi gani?

Kwa hiyo milioni 12 zako bila kodi, ndugu yangu, zikiwekewa kodi zinaipita hiyo 14 kabla hujapata hata namba ya gari. SACCOS hawatataka kusikia habari za Kigali.

Na hata ile karatasi ingekuwa ya Dodoma, bado ningekuuliza ni karatasi gani. Hotuba ya bajeti inayosomwa bungeni mwezi Juni ni mapendekezo. Wabunge wanaweza kuyapunguza, kuyaongeza, kuyatupa. Yakipita yanakuwa Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Tena hiyo ni kwa VAT na ushuru wa bidhaa. Ushuru wa forodha hatuupangi peke yetu, unapangwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na kutangazwa kwenye gazeti la Jumuiya. Mtu akikwambia "kodi imefutwa" muulize ipi, kaifuta nani, na kuanzia lini, kwa gari jipya au hata lililotumika. Na kodi utakayolipa ni ya siku tamko la forodha, yaani fomu ya kuutangaza mzigo wako kwa forodha, linapoingizwa. Siku uliyotuma hela Japani haihusiki. Katikati hapo kuna bahari na wiki kadhaa, na serikali hailali ikisubiri meli yako.

Mliosema Ulaya wana utaratibu, haya, tuwaangalie hao Wajerumani. Mwaka 2023 walikuwa wanampa mnunuzi hadi euro 4,500 kutoka serikalini. Novemba 2023 Mahakama yao ya Katiba ikazuia euro bilioni 60 zilizokuwa zimehamishiwa mfuko wa tabianchi. Desemba 16, siku ya Jumamosi, wizara ikatangaza kwamba mwisho wa maombi ni kesho yake, Jumapili. Na maombi yalikuwa hayapokelewi mpaka gari iwe imesajiliwa. Sasa fikiria wewe umesaini mkataba miezi mingi nyuma, gari bado iko kiwandani, na zile euro ulishaziweka kwenye hesabu. Baadhi ya kampuni zilifidia wateja wao, lakini hiyo ni hisani. Mwaka uliofuata mauzo ya magari ya umeme huko yalishuka kwa zaidi ya robo. Nilipoisoma habari hiyo nililala vizuri, Mungu anisamehe.

Ufaransa nao Januari 2024 walianza kuwakodishia watu wa kipato cha chini gari za umeme kwa kama euro 100 kwa mwezi. Watu zaidi ya 50,000 wakajitokeza, Februari dirisha likafungwa.

Marekani walikuwa na dola 7,500 kwa gari mpya na 4,000 kwa iliyotumika. Sheria ya mwaka 2022 iliahidi mpaka 2032. Ikaja sheria nyingine Julai 2025, ikazikata zote baada ya Septemba 30 mwaka huo huo. Angalau huko aliyekuwa amesaini mkataba na kulipa chochote kufikia tarehe hiyo alihesabiwa, hata kama gari alikabidhiwa baadaye. Mnaona tofauti? Kuna nchi inahesabika siku ya mkataba, kuna nchi siku ya usajili, na kwetu siku ya tamko. Hiyo ruzuku mnayoipigia debe hapa ni ile ile ya watu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Atakayeumia ni aliyekwishaipangia matumizi.

Norway msiilete kila mahali. Hawakugawa hela. Waliondoa VAT yao ya asilimia 25 kwa gari ya umeme na kuibana ya petroli kwa kodi nzito, wakashikilia hivyo miaka mingi mpaka watu wakaamini. Mwaka 2024 karibu gari tisa kati ya kumi mpya zilizouzwa huko zilikuwa za umeme. Hata wao mwaka 2023 walianza kuitoza sehemu ya bei iliyozidi kroner 500,000.

Kuhusu haki nitasema kidogo, maana mdau mmoja hapo juu karibu atukane watu. Mwenye uwezo wa kuagiza gari si mnyonge wa kwanza nchini. Kodi anayosamehewa ingelipia kitu kingine, na akishaanza kuendesha halipi tozo ya mafuta inayokwenda Mfuko wa Barabara, wakati kijana wa bodaboda anailipa kila akijaza tangi, na barabara ni moja. Ningekuwa na sauti ningeanza na bajaji za Ngamiani na daladala, vinavyozunguka kutwa nzima na kubeba watu wengi. Hoja ya kwamba mafuta tunayanunua kwa dola na umeme wa Rufiji ni wetu naikubali, bwawa la megawati 2,115 halikujengwa liangaliwe. Lakini hayo ni mambo ya serikali na bajeti yake. Wewe wa Muheza una milioni 14 na nusu yake ni deni, huna nafasi ya kufanyia sera majaribio.

Kwa hiyo kaa chini leo, chukua kikokotoo, piga hesabu ukichukulia kodi ni kamili na ruzuku ni sifuri. Si "ndogo", si "labda nusu". Sifuri. Hesabu ikikubali hivyo, agiza gari yako kwa amani, na ruzuku ikija siku moja utanunulia watoto nguo za Idi. Isipokubali, hujapata hela ya gari bado, na ahadi ya mtu haiwezi kuijazia. Mtu atakwambia "lakini mwakani..." Mwakani agiza mwakani.

Kwa taarifa ya wanaotaka kunicheka, gari yenyewe ninayo na inakwenda. Kimya, haina moshi, natoka nayo Makorora mpaka Raskazone kwa umeme wa LUKU ambao ukiulinganisha na petroli ni raha tupu. Watoto wa mtaani wanaiita friji. Ukiweka na kiwanja kwenye hesabu, basi ni friji ya gharama kuliko zote mkoa wa Tanga, lakini hakuna anayelazimishwa kuweka kiwanja kwenye hesabu, na mimi siku hizi sikiweki.

Kuna aliyeniambia faraghani kwamba wakala wa huyu ndugu ni mwaminifu, anamjua, wanasali pamoja. Inawezekana. Basi si kazi ngumu. Mwambie atume karatasi nzima ya huo msamaha, na juu yake, pale penye jina la nchi na mwaka. Halafu mwambie aandike mstari mmoja kwa mkono wake na asaini: kodi ikizidi sifuri, tofauti nitailipa mimi. Usitume hela kabla hajasaini. Wa kwangu sikumwomba hata hayo. Nilimwomba baadaye tu aandike kwamba ile picha aliituma yeye. Akaniambia mtandao unasumbua. Tulikuwa tumekaa meza moja.