Maswali ya Wasomaji: Kisima Kinachokauka Septemba

SWALI: Tuna kisima kifupi cha pete za zege chenye pampu ya mkono. Kila Septemba maji ni ya kugombania. Mwenyekiti wa kamati anasema pampu imechoka; akina mama wanawalaumu wenye bustani za nyanya wanaovuta maji kwa mashine jirani. Tumechanga vipuri mara mbili na hali ni ileile. Tufanyeje? (Msomaji, Magu)

JIBU: Msichange tena kabla ya kupima. Kila upande kwenu unabisha bila namba.

Anzeni na pampu. Ivuteni hadi itoe maji, iacheni nusu saa, kisha hesabuni mipigo. Maji yakitoka kwa mpigo wa kwanza au wa pili, vali ya chini ni nzima. Ikifika mipigo kumi, maji yanarudi kisimani: vali imechakaa au bomba linavuja. Hiyo ni kazi ya fundi, bustani hazihusiki.

Pampu ikiwa nzima, pimeni kisima. Wekeni alama ya rangi kwenye mdomo wa tundu la ukaguzi, mshushe tepu yenye uzito uliosafishwa kwa klorini, mwandike umbali kutoka alama hadi usoni pa maji. Pimeni alfajiri kabla ya ndoo ya kwanza, kisha jioni, kila siku kuanzia Agosti hadi vuli ishike. Namba ikikua, maji yameshuka. Wengi huisoma kinyume. Kazi wapewe wawili, mmoja awe mama anayechota hapo, na siku za kumwagilia ziandikwe pembeni.

Kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 hubeba lita 113 hivi kwa kila sentimita 10, yaani ndoo tano na ushei. Sera ya Maji ya 2002 ilikadiria watu 250 kwa kituo cha maji, lita 25 kwa mtu kwa siku. Hizo ni lita 6,250, sawa na kina cha mita tano na nusu! Kisima kifupi hakiwezi kuzishika kwa mkupuo; lazima kijijaze upya kutwa kucha.

Kwa hiyo maji yakishuka jioni na kurudi alfajiri, gaweni saa za kuchota na mfunge mchana. Yakikataa kurudi hasa baada ya siku za kumwagilia, akina mama wana hoja. Yakishuka hata bustani zikiwa zimelala, kisima ni kifupi, pengine kilichimbwa masika maji yakiwa juu. Kiongezwe kina mwishoni mwa kiangazi, kwa kushusha pete ndogo ndani ya kubwa. Mashine ya petroli isishushwe humo kamwe: moshi wake huua mchimbaji.

Wenye bustani wasifukuzwe kwa kelele. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 hutanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu, na anayemwagilia kwa mashine anatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Lipelekeni daftari mkutano mkuu wa kijiji, wakulima wakiwepo, mpatane siku na saa za kuvuta. Mapatano yawe sheria ndogo kupitia halmashauri ya kijiji. Faini haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe, na hatua hiyo ndiyo kamati huiruka, kisha zinashangaa mtu akigoma kulipa. Nakala ya daftari ifike RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani.

SWALI: Ziwa limefurika hadi kisimani. Tukitia klorini, tunywe? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Bado. Maji ya ziwa yakiwa yamekizunguka kisima, uchafu unaendelea kuingia. Chemsheni ya kunywa. Yakishaondoka, toeni maji yote machafu na tope, sugueni pete, kiacheni kijae. Kwa kila lita 1,000 koroga gramu 80 za klorini ya unga ya asilimia 65 kwenye ndoo ya plastiki, mimina, pampu hadi harufu isikike mdomoni mwa pampu, acheni usiku kucha. Kisha vuteni hadi harufu iishe, mkimwaga mbali na ziwa na bustani. Mdomo wa kisima uinuliwe kupita alama ya mafuriko ya 2024, ziwa lilipovuka hata rekodi ya 2020. Waulizeni wavuvi wawaonyeshe maji yaliishia wapi.